Jinsi ya kubuni na kuuza michoro ya mabakabaka ya mavazi ya uwindaji ukiwa Tabora

Mtu anayeishi Tabora, mwenye kompyuta ya kawaida, simu yenye kamera nzuri na subira ya kukaa porini, anaweza kubuni mchoro wa mabakabaka ambao kampuni ya mavazi ya uwindaji ya nje ya nchi itakubali kuulipia. Kampuni mbili zinazojulikana sana katika kazi hii zilianza kwa njia hiyo hiyo, zote mwaka 1986. Bill Jordan wa Columbus, Georgia, nchini Marekani, alichora gome la mwaloni uliosimama mbele ya nyumba ya wazazi wake, na kutoka hapo ikazaliwa Realtree. Toxey Haas wa West Point, Mississippi, alizoa konzi ya majani, udongo na vijiti mahali alipokuwa akiwinda, akaipeleka kwa watu wa vitambaa ili waone anachotaka, na hapo ikaanza Mossy Oak. Wote wawili walitazama pori la kwao kwanza, na hadi leo kampuni zao huwakodisha watengenezaji wengine wa nguo, mahema na vifaa haki ya kutumia michoro hiyo.

Mwongozo huu unafuata njia hiyo. Bidhaa utakayouza ni mchoro pamoja na haki ya kuutumia, na nguo yenyewe itashonwa na mtu mwingine katika nchi nyingine. Kwa Mtanzania hakuna njia nyingine iliyo salama, na ndiyo maana hatua ya kwanza inahusu sheria.

Hatua ya 1: Jua mipaka ya sheria kabla ya kushika penseli

Katika Tanzania raia haruhusiwi kuvaa wala kuuza sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo. Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Ulinzi wa Taifa zote zinagusa jambo hili, na mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa kila raia mwenye mavazi ya namna hiyo kuyasalimisha. Uzito wote uko kwenye maneno "yanayofanana nazo", kwa kuwa askari anayekukuta barabarani hatakaa chini kulinganisha umbo la baka lako na la kwenye kombati zake. Nchi nyingine zina katazo kama hilo, zikiwemo Zambia, Zimbabwe, Jamaika na Barbados, na hata wageni wanaokuja kwetu kwa uwindaji wa kitalii hushauriwa na wenyeji wao kuvaa khaki au kijani kitupu.

Kwa hiyo usishone suruali, koti wala kofia ya mchoro wako kwa ajili ya kuuza sokoni Tabora, na usiivae hata kwa kuijaribu. Sampuli zako zibaki kuwa vipande vya kitambaa vilivyowambwa kwenye fremu za mbao. Unapokwenda kuzijaribu porini, mwenyekiti wa kijiji awe na taarifa na wewe uwe na barua ya utambulisho mkononi, na kama kazi inaanza kukua, muone wakili na uandike kwa polisi wa wilaya kueleza unachofanya. Kumbuka pia kwamba askari wa uhifadhi wa TANAPA, TAWA na TFS wana sare zao, na sare hizo nazo ni za kukaa mbali nazo.

Sharti hili lina faida kwa ubunifu wenyewe. Linakulazimisha kuacha mabaka makubwa ya mviringo ya kijani, kahawia na nyeusi, na kuacha pia vimraba vidogo vidogo vilivyoenea baada ya jeshi la Kanada na Wanamaji wa Marekani kuvichukua. Unabaki na gome, nyasi, majani na kivuli, vitu ambavyo wawindaji wa leo wanavipenda na ambavyo jeshi halivihitaji.

Hatua ya 2: Chagua pori moja, msimu mmoja na mnyama mmoja

Kosa la kawaida la wanaoanza ni kutaka mchoro unaofaa kila mahali. Mchoro wa namna hiyo haufichi mtu popote, na mnunuzi mwenye uzoefu ataliona hilo mara moja. Andika sentensi moja inayotaja pori, miezi na mnyama, kisha uiache ikuongoze hadi mwisho: kwa mfano, miombo ya Sikonge kuanzia Julai hadi Septemba, kwa mwindaji anayenyatia palahala au korongo, wote swala wakubwa, kwa miguu.

Miombo yetu hubadilika sura kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwezi Juni na Julai nyasi zimekuwa rangi ya dhahabu iliyofifia na majani ya juu bado ni ya kijani kilichochoka. Baadaye moto hupita, na ardhi hubaki nyeusi yenye mabaka ya majivu meupe, na vichuguu vyekundu au vya kijivu vinajitokeza peke yake. Kuanzia Septemba, kabla ya tone la kwanza la mvua, mitundu na miyombo hutoa majani mapya mekundu na ya rangi ya shaba, na kwa wiki chache pori lote huonekana kama linawaka upya. Novemba mvua ikifika, rangi hiyo yote humezwa na kijani. Hizo ni kazi nne tofauti, na mchoro wa Julai ukiupeleka kwenye pori la Desemba utaonekana kama gunia lililoanikwa bustanini.

Mimi ningeanza na miezi ya kiangazi. Rangi zake, yaani kijivu cha gome, manjano ya nyasi kavu na kahawia nyekundu ya udongo, zinakaribiana na za misitu mikavu ya nchi nyingine nyingi, na msimu wa uwindaji wa kitalii hapa kwetu huanza Julai, hivyo mnunuzi anayewauzia watu wanaosafiri kuja Afrika ataelewa mara moja unachompa.

Mahali pa kufanyia kazi ni muhimu pia. Ugalla imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 2019 na uwindaji hauruhusiwi humo, na kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi au mapori ya akiba kunahitaji kibali. Msitu wa kijiji, kwa ruhusa ya kijiji, unatosha kabisa. Fuatana na warina asali. Hao wanajua kila mti kwa jina na wanajua pia mahali ambapo wanyama hupita.

Hatua ya 3: Elewa jicho litakalokutazama

Hapa ndipo mbunifu mzuri hutengana na mchoraji wa mapambo. Anayenunua nguo ni binadamu, lakini anayepaswa kudanganyika ni mnyama, na macho yao hayafanani.

Binadamu ana aina tatu za koni, yaani chembe za jicho zinazotambua rangi. Wanyama wenye kwato wana aina mbili tu. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1994 kwa kulungu wa Marekani wenye mkia mweupe vilionesha koni moja inayoitikia zaidi mwanga wa bluu, karibu nanomita 450 hadi 460 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na nyingine inayoitikia kijani, karibu nanomita 540. Hawana koni ya kutambua nyekundu. Ndiyo sababu majimbo mengi ya Marekani yanaweza kumlazimisha mwindaji avae rangi ya chungwa inayong'aa ili asipigwe risasi na mwenzake, na bado kulungu asimshtukie kwa rangi hiyo. Kwa upande wa bluu mambo hugeuka, kwa maana mnyama huyo huyo anaona bluu vizuri kuliko sisi. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha ambayo hurudisha mwanga wa bluu, na nguo iliyofuliwa kwa sabuni hiyo inaweza kuonekana kwa mnyama kama kitu kinachowaka hafifu wakati wa alfajiri na jioni. Mweleze mnunuzi wako jambo hili kwa maandishi, kwa sababu mchoro bora huharibiwa na ufuaji, na lawama humrudia mbunifu.

Matokeo yake ni kwamba, kwa mnyama mwenye kwato, tofauti kati ya mwanga na giza katika mchoro ni muhimu kuliko tofauti kati ya kahawia na nyekundu. Ndege ni habari nyingine kabisa. Kanga, kwale na bata wana aina nne za koni, wanaona rangi kwa upana kuliko sisi, na mchoro wa kuwindia ndege lazima ulingane na pori katika rangi zenyewe.

Jambo la pili ni ukali wa jicho. Jicho zima la binadamu hutenganisha vitu vilivyoachana kwa sehemu moja ya 60 ya digrii, ambayo kwa umbali wa mita 50 ni kama sentimita moja na nusu. Kulungu na wenzake wanaona kwa ukali mdogo kuliko huo. Ukikadiria kwamba jicho lao ni dhaifu mara tatu, basi kila kitu chenye upana chini ya sentimita nne au tano kitayeyuka kwa umbali huo na kubaki rangi moja ya wastani. Majani mazuri uliyoyachora kwa siku nyingi, yenye mishipa na vivuli vyake, mnyama hatayaona. Yeye ataona mabaka makubwa tu, na kama mabaka makubwa hayapo, ataona umbo la mtu.

Kwa hiyo mchoro unahitaji kazi mbili zifanyike pamoja. Mabaka makubwa, ya sentimita 15 hadi 30, yavunje umbo la mabega, mikono na kichwa kwa kukatiza kwenye kingo za mwili badala ya kuzifuata. Maelezo madogo yajaze ndani ya mabaka hayo kwa ajili ya umbali wa karibu, na, tuseme ukweli, kwa ajili ya mnunuzi anayeitazama nguo dukani akiwa hatua moja kutoka kwenye kioo. Michoro mingi niliyoiona ikishindwa ilikuwa na maelezo madogo peke yake.

Hatua ya 4: Kusanya picha na upime rangi

Piga picha wakati wa mawingu au mapema asubuhi kabla jua halijachoma, kwa kuwa jua la saa sita hutoa vivuli vikali vinavyodanganya kamera. Weka karatasi ya kijivu isiyong'aa pembeni mwa kila eneo unalolipiga, ili baadaye urekebishe rangi zote kwa kipimo kimoja. Piga kutoka kimo cha macho ya mnyama, karibu mita moja na nusu kwa palahala na chini zaidi kwa nsya, yule swala mdogo, na upige eneo lile lile kwa umbali wa mita 5, 20 na 50. Picha za mbali zitakupa mabaka makubwa, za karibu zitakupa maelezo.

Kisha kusanya vitu vyenyewe. Gome la mninga hupasuka katika vipande vya kijivu na kahawia mfano wa magamba, na ndani ya nyufa zake kuna kahawia iliyokolea inayokaribia nyeusi. Ukilichunguza kwa karibu utakuta pia madoa ya ukoga wa kijivu kinachoelekea kijani, na ni madoa hayo yanayolipa gome uhai wake kwa mbali. Tunda lake likikauka huwa sahani nyembamba ya rangi ya majani makavu, pana kama kiganja, yenye rundo la miiba laini katikati, na huning'inia mtini au kulala chini kwa wingi wakati wote wa kiangazi. Sijaona umbo lingine linaloitambulisha miombo haraka kama hilo, na kulitumia katika mchoro kunakupa alama ambayo hakuna mbunifu wa Georgia aliyenayo. Chukua pia maganda ya mtundu yaliyojisokota baada ya kupasuka, nyasi zilizolala, na konzi ya udongo kutoka kwenye kichuguu. Vipange vyote juu ya kitambaa cheupe kivulini na uvipige picha kimoja kimoja.

Kupima rangi ni rahisi kuliko inavyosikika. Fungua picha ya mita 50 katika GIMP, programu ya bure, uigeuze iwe ya rangi chache zilizoorodheshwa, na uchague rangi sita. Programu itakupa rangi sita zinazobeba picha nzima. Fanya hivyo kwa picha nyingi, andika namba za kila rangi, na utaona zinajirudia. Hizo ndizo rangi za mchoro wako. Zile zilizo kichwani mwako, hasa kijani kibichi, ziache.

Tahadhari moja ni ya huku kwetu. Miombo ya Tabora ina mbung'o, au ndorobo kama wengi tunavyowaita, na wadudu hawa huvutiwa na bluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Mchoro wenye mabaka mapana meusi au ya bluu iliyokoza utamletea mvaaji mateso ambayo mnyama hana haja ya kuyaongeza. Kwa sehemu za giza tumia kahawia iliyokolea, na mabaka yake yawe membamba. Kampuni inayovalisha watu wanaokwenda kwenye mapori ya mbung'o itaithamini taarifa hii kama sehemu ya bidhaa.

Hatua ya 5: Chora kwa tabaka

Anza na tabaka la chini, rangi moja iliyo wastani wa pori lote. Juu yake weka mabaka makubwa ya giza na ya mwanga, ukiyachora kwa mkono kwenye karatasi kubwa na makaa au brashi kisha uyapige picha, au moja kwa moja katika Krita au Inkscape, ambazo nazo ni za bure. Ukitazama kazi yako katika hatua hii kwa macho yaliyofumbwa nusu, isomeke kama mwanga unaopenya kati ya miti. Kama haisomeki hivyo, usiendelee, kwa sababu hakuna jani litakaloiokoa.

Tabaka la tatu ni la maelezo: gome, nyasi, tunda la mninga, maganda. Tumia picha zako mwenyewe au michoro ya mkono wako pekee. Usichukue jani hata moja kutoka kwenye picha ya mtu mwingine mtandaoni, na usikabidhi uchoraji kwa programu ya akili mnemba, kwa kuwa Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haisajili kazi isiyotokana na ubunifu wa binadamu, na mchoro usioweza kusajiliwa hauna cha kukodishwa. Mwisho, weka vivuli hafifu chini ya baadhi ya maumbo ili kitambaa bapa kionekane kuwa na kina.

Amua mapema kama mchoro utakuwa na upande wa juu. Miti iliyosimama wima hupendeza machoni, lakini fundi cherehani akitaka kubana kitambaa atakata mikono ya koti kwa mlalo, na miti itakuwa imelala. Mchoro usio na juu wala chini huokoa kitambaa, na kiwanda kinachokata maelfu ya nguo kitaihesabu akiba hiyo. Mimi hupendelea maumbo yaliyoinama kidogo pande zote, yanayobaki na sura ya pori hata kitambaa kikigeuzwa.

Hatua ya 6: Tengeneza kipande kinachojirudia

Kitambaa huchapwa kwa kipande kimoja kinachojirudia, na mshono kati ya vipande haupaswi kuonekana. Skrini za duara za viwandani, yaani mitungi yenye matundu inayopitisha rangi kwenye kitambaa, mara nyingi zina mzingo wa sentimita 64, kwa hiyo tengeneza kipande chenye urefu huo, au urefu unaogawa 64 bila baki. Kwa pikseli 150 kwa kila inchi, sentimita 64 ni kama pikseli 3,780; kwa 300 ni karibu pikseli 7,560, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo itaanza kulalamika.

Sogeza kipande chote kwa nusu upana na nusu urefu, ili kingo zije katikati, halafu rekebisha mshono kwa mkono. Kisha panga vipande tisa pamoja, punguza picha iwe ndogo kama stempu, na uangalie. Umbo lolote linalojitenga, kwa mfano tunda moja jeupe kupita mengine, litajipanga mistari kama vifungo, na jicho la binadamu na la mnyama yote yatalishika. Lififishe au ulihamishe. Kazi hii inachosha na inarudiwa mara nyingi, lakini wakaguzi wa viwanda huanza na hapo.

Hatua ya 7: Linganisha mchoro na uchapaji

Kwa uchapaji wa skrini kila rangi ina skrini yake na gharama yake, hivyo rangi nne hadi sita zinatosha, na faili iwe na tabaka la kila rangi peke yake. Uchapaji wa kidijitali hauna kikomo hicho. Pamba huchapwa kwa wino wa pigmenti, unaokaa juu ya nyuzi, au wa riaktivu, unaoshikana nazo. Poliesta huchapwa kwa sablimesheni, ambapo rangi huhamishwa kutoka kwenye karatasi kwa joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Wachapaji wa fulana mjini wanaweza kukutolea kipande kidogo cha poliesta cha majaribio, ila ujue kwamba rangi ile ile kwenye pamba itatoka imefifia zaidi.

Kitambaa kikilowa jasho au mvua hukolea, na tofauti ya mwanga na giza hupungua. Kikifuliwa mara nyingi hufifia. Buni rangi zako ziwe nyepesi kidogo kuliko pori kavu, na zitaje kwa namba za Pantone za vitambaa, yaani orodha ya rangi inayotumika kimataifa, kwa sababu rangi ya kwenye kioo cha kompyuta si kipimo ambacho kiwanda kinaweza kukitegemea.

Hatua ya 8: Jaribu porini

Wamba kitambaa kwenye ubao wenye ukubwa wa kiwiliwili, uusimamishe kwa mita 20, 50 na 100, kivulini na juani, asubuhi na jioni. Weka pembeni yake ubao wa khaki tupu wa ukubwa ule ule. Hiyo khaki ndiyo mshindani wako wa kweli: kama mchoro wako haujifichi kuliko khaki, bado hujapata cha kuuza. Mwombe mtu ambaye hajui ulipouweka autafute huku ukipima muda, na urudie kwa watu kadhaa.

Piga picha za majaribio hayo na uzitazame kwa njia mbili. Kwanza ziondoe rangi zote zibaki nyeusi na nyeupe, na uone kama ubao umezama au umebaki kama shimo. Pili, tumia kichungi cha GIMP kinachoiga jicho lisiloona nyekundu, ambacho kinakaribia namna mnyama mwenye kwato anavyoona. Mara nyingi shida itakayojitokeza ni ile ile: mchoro umekuwa wa giza kuliko pori. Uongeze mwanga, uchape tena, urudi. Picha hizi za kulinganisha, zikiwa na tarehe, umbali na saa, ndizo zitakazomshawishi mnunuzi kuliko maneno yoyote.

Hatua ya 9: Linda kazi yako

Hakimiliki huanza pale kazi inapoumbwa, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kwa kawaida hudumu maisha ya mbunifu na miaka 50 baada ya kifo chake. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, kwa hiyo haki hiyo inatambuliwa katika nchi nyingine wanachama. Hata hivyo isajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, na utunze kila kitu kinachoonesha safari yake: picha za porini zenye tarehe, michoro ya makaa, faili za kila hatua. Ukishtakiwa au ukishtaki, rundo hilo ndilo ushahidi wako.

Jina la mchoro ni mali nyingine. Lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, ukitaja daraja la 24 la vitambaa na la 25 la mavazi. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7 na kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Ulinzi wa umbo la kiviwanda, yaani sura ya nje ya bidhaa, unaweza kuombwa kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, lakini fanya hivyo kabla ya kuonesha mchoro hadharani. Jina la biashara na TIN vitahitajika ili malipo ya nje yapokelewe benki bila maswali.

Hatua ya 10: Uza haki, na usome mkataba neno kwa neno

Andaa waraka wa kurasa chache: pori na msimu, picha za majaribio, rangi kwa namba, kipande kimoja cha kitambaa, na mchoro mmoja katika matoleo mawili au matatu ya rangi. Usitume faili kamili. Tuma picha ndogo yenye jina lako juu yake. Kampuni kubwa zina michoro yao na hazitakujibu kwa urahisi, kwa hiyo elekeza nguvu kwa watengenezaji wadogo wa Afrika Kusini, Ulaya na Marekani wanaokodi michoro ya wengine kwa sasa na wanatamani kuwa na wa kwao.

Atakayekupa fedha ya mara moja ili achukue haki zote, mpime kwa hesabu. Tuseme koti linauzwa kwa jumla dola 40 na mrabaha, yaani sehemu yako ya kila mauzo, ni asilimia 5. Unapata dola 2 kwa koti, na makoti 3,000 ni dola 6,000 kwa mwaka. Ofa ya mara moja iliyo chini ya miaka mitatu ya hesabu kama hiyo, mimi singeikubali, isipokuwa kama mteja huyo ni wa kwanza na jina lake litakufungulia mlango.

Kodi nayo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Marekani hukata asilimia 30 ya mrabaha wa mgeni ambaye nchi yake haina mkataba wa kodi nayo, na Tanzania haina. Tunayo mikataba ya namna hiyo na Uswidi, Norwei, Denmaki, Ufini, Kanada na Afrika Kusini, nchi zenye wawindaji wengi, na hilo peke yake ni sababu ya kuzianzia barua zako.

Mkataba utaje nchi zinazohusika, miaka, aina za bidhaa, na kama mteja ni peke yake au la. Utaje malipo ya chini ya kila mwaka, ili mchoro usifungiwe kabatini na mtu asiyeutumia. Uweke katazo la kuutumia kwenye sare za jeshi lolote na la kuingiza nguo zake Tanzania au nchi nyingine zinazokataza, ili siku nguo hiyo ikikamatwa mpakani jina lako lisiwe la kwanza kuulizwa. Taarifa ya mauzo itolewe kila miezi mitatu, nawe uwe na haki ya kukagua vitabu. Na kabla kiwanda hakijaanza, sampuli ya kitambaa ije Tabora kwa posta, uiwambe kwenye ubao, uipeleke kwenye msitu ule ule, na ndipo utie saini ya kuidhinisha rangi.